Ununuzi wa nyumba pembezoni mwa Dodoma: Daftari la ardhi litangulie fedha

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 410,956 katika eneo ambalo leo ni Jiji la Dodoma. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu wakazi 765,179. Katika kipindi cha miaka 10 mji huo uliongeza zaidi ya watu 354,000, na kasi hiyo ilichochewa na uamuzi wa mwaka 2016 wa Serikali kuhamia rasmi Makao Makuu ya Nchi. Dodoma ilipandishwa hadhi kuwa Jiji Aprili 26, 2018, na katika mwaka huohuo ikatungwa sheria ya kuitambua kuwa Makao Makuu.

Ongezeko hilo linaonekana zaidi pembezoni mwa mji kuliko katikati. Iyumbu, Nzuguni, Ihumwa, Mtumba, Nala, Mkonze na Michese ni majina ambayo mtumishi anayehamishiwa Dodoma huyasikia katika wiki ya kwanza ya kutafuta makazi. Yapo maeneo yaliyojengwa kwa mpango na taasisi za umma, kama nyumba za Shirika la Nyumba la Taifa zilizopo Iyumbu na zile za Watumishi Housing zilizopo Njedengwa. Yapo pia maeneo ambayo mwananchi hununua kiwanja au nyumba iliyokwisha kujengwa kutoka kwa mwananchi mwenzake, kwa maneno ya dalali na karatasi iliyogongwa muhuri wa ofisi ya mtaa.

Ni katika kundi hili la pili ambako familia nyingi huweka akiba ya miaka mingi, kiinua mgongo cha mstaafu au mkopo utakaokatwa kwenye mshahara kwa muda mrefu. Nyumba huwa inaonekana: kuta zimepigwa lipu, bati linang'aa, geti limesimama. Kinachoamua iwapo fedha hiyo imepata makazi au imepata mgogoro hakionekani kwa macho. Kimo katika daftari la ardhi, katika mchoro wa mipangomiji na katika mkondo wa maji ambao wakati wa kiangazi huonekana kama njia ya mifugo.

Kinachouzwa hasa ni nini

Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, inatamka kuwa ardhi yote nchini ni mali ya umma na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mtu binafsi hupewa haki ya kumiliki na kutumia kwa muda maalumu, ambao katika milki zinazotolewa na Serikali huwa miaka 33, 66 au 99, pamoja na masharti ya matumizi na uendelezaji. Kwa hiyo anayenunua nyumba ananunua haki hiyo pamoja na kilichojengwa juu yake. Kama muuzaji hana haki hiyo, hana cha kuuza, hata kama kuta alizijenga kwa jasho lake mwenyewe.

Tofauti hii ndiyo chanzo cha migogoro mingi. Katika maeneo yanayokua, nyaraka zinazooneshwa kwa mnunuzi ni za aina mbalimbali, na uzito wake haulingani. Hati miliki iliyosajiliwa ndiyo yenye nguvu kubwa zaidi. Leseni ya makazi ni ya muda mfupi na hutolewa katika maeneo ambayo hayajapangwa. Hati ya hakimiliki ya kimila hutolewa katika ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Sura ya 114, na uhamisho wake hauwezi kupita bila ridhaa ya halmashauri ya kijiji. Mkataba wa mauziano uliosainiwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa ni ushahidi kwamba watu wawili walikubaliana bei, lakini hauthibitishi kwamba muuzaji alikuwa mmiliki.

Mwenyekiti wa mtaa ana nafasi muhimu ya kuwafahamu wakazi wake na kueleza historia ya eneo. Hata hivyo, ofisi yake si masjala ya ardhi, na muhuri wake haubadilishi umiliki. Desturi ya kumtaka mnunuzi au muuzaji kutoa asilimia 10 ya bei ili mauziano "yatambuliwe" imekemewa mara kwa mara na viongozi wa Serikali, lakini bado wapo wanaoilipa wakiamini kwamba wamenunua ulinzi.

Urithi wa historia ya Dodoma

Dodoma ina jambo la pekee ambalo mnunuzi anayetoka Mwanza, Arusha au Dar es Salaam huenda halijui. Baada ya uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia Makao Makuu Dodoma, iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, maarufu kwa kifupi chake cha CDA. Kwa zaidi ya miaka 40, mamlaka hiyo ndiyo iliyopanga, kupima na kugawa ardhi ya mji kwa utaratibu tofauti na wa miji mingine, na wamiliki walipewa milki za miaka 33. Mwezi Mei 2017 CDA ilivunjwa na majukumu yake kuhamishiwa kwenye halmashauri ya mji huo, na wamiliki wakafunguliwa njia ya kupata hati za miaka 99 kama wananchi wa maeneo mengine.

Mabadiliko hayo yaliondoa malalamiko ya muda mrefu ya wakazi. Lakini kumbukumbu za miongo minne hazihami kwa siku moja. Nyaraka za CDA bado zimo mikononi mwa wauzaji, na mnunuzi anapaswa kuuliza iwapo nyaraka anayooneshwa imekwisha kubadilishwa kuwa hati inayotambuliwa na Kamishna wa Ardhi, na iwapo jina lililomo ndilo jina la anayeuza. Aidha, Dodoma imekuwa na migogoro ya kiwanja kimoja kumilikishwa watu wawili, pamoja na madai ya wenyeji waliokuwa wakilima maeneo yaliyopimwa baadaye kuwa viwanja. Serikali yenyewe imekiri uwepo wa migogoro hiyo, na mawaziri wenye dhamana ya ardhi kwa vipindi tofauti wamekaa na wananchi wa jiji hilo kuisikiliza.

Kwa mnunuzi, funzo ni bayana. Karatasi mbili zinaweza kuwa halali kwa sura na zote zikawa na mihuri, lakini zikazungumzia kiwanja kimoja. Anayeweza kusema ipi imesajiliwa ni Msajili wa Hati, kupitia utaratibu unaoitwa upekuzi.

Upekuzi, hatua ndogo yenye uzito mkubwa

Upekuzi ni maombi ya kuangalia daftari la ardhi ili kujua ni nani aliyesajiliwa kuwa mmiliki, muda wa milki uliobaki, na iwapo ipo rehani ya benki, zuio la mahakama au tahadhari iliyowekwa na mtu mwenye madai. Tangu mwaka 2020 huduma za ardhi zilisogezwa karibu kwa kufunguliwa ofisi za ardhi za mikoa, hivyo mwananchi hahitaji tena kusafiri hadi ofisi ya kanda kwa jambo hilo. Ada yake hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya Serikali, na ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya nyumba.

Pamoja na wepesi huo, upekuzi hurukwa mara nyingi. Sababu huwa ni haraka. Dalali husema yupo mteja mwingine anayekuja jioni na fedha mkononi. Muuzaji husema anauza kwa shida ya ugonjwa na bei itapanda kesho. Mnunuzi huona haya kumtilia shaka mzee aliyempokea vizuri na kumkaribisha chai. Fedha hutangulia, uchunguzi hufuata, na kinachogunduliwa baadaye hakiwezi tena kurekebishwa kwa mazungumzo.

Baada ya daftari kuthibitisha jina, yapo maswali mawili yanayohusu mwenye jina hilo. La kwanza ni ndoa. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Ridhaa hiyo itolewe kwa maandishi, na ni busara mke au mume awepo siku ya kusaini. La pili ni mirathi. Iwapo mwenye jina amefariki dunia, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto mkubwa, kaka wa marehemu au kikao cha ukoo hakina mamlaka hayo bila uteuzi huo, hata kama ndugu wote wameafiki kwa mdomo.

Sheria ya Ardhi pia inataka mkataba wa kuhamisha haki ya ardhi uwe wa maandishi ili uweze kutekelezwa mahakamani. Makubaliano ya mdomo mbele ya mashahidi, ambayo kwa wengi ni ishara ya uaminifu, humwacha mnunuzi bila kinga pale uaminifu unapoisha.

Mchoro unasema nini kuhusu jirani

Nyumba inaweza kuwa na hati safi na bado ikawa mahali pasipofaa. Katika kitongoji kipya, jirani wa leo ni pori la mikambala na jirani wa kesho anajulikana kwa mchoro wa mipangomiji pekee. Eneo tupu lililo mbele ya nyumba linaweza kuwa limetengwa kwa shule, soko, kituo cha mafuta, makaburi au barabara. Muuzaji huliita "uwanja wa wazi", na mnunuzi hulipia mandhari ambayo haitadumu.

Dodoma kuna sababu ya pekee ya kuangalia barabara. Barabara ya mzunguko wa nje yenye urefu wa kilomita 112.3 inapita Nala, Veyula, Mtumba, Ihumwa na Matumbulu, yaani katika maeneo yaleyale yanayovutia wanunuzi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu na za mikoa. Nyumba iliyo ndani ya mita hizo haina mustakabali, hata kama inauzwa kwa bei nafuu na ina biashara nzuri mbele yake. Reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 nayo ina hifadhi yake.

Mchoro hueleza pia matumizi ya kiwanja chenyewe. Kiwanja cha makazi hakiwezi kugeuzwa gereji au baa kwa uamuzi wa mwenye nyumba, na nyumba iliyojengwa bila kibali cha ujenzi humhamishia mnunuzi tatizo ambalo hakuliunda. Vilevile, milki nyingi hutolewa kwa sharti la kuendeleza kiwanja ndani ya miezi 36. Anayenunua kiwanja kilichokaa bila kuendelezwa kwa miaka kadhaa aulize hali ya sharti hilo pamoja na deni la kodi ya pango la ardhi, kwa kuwa madeni hayo hukwamisha uhamisho wa umiliki.

Viwanja vinavyouzwa na kampuni binafsi kwa malipo ya awamu vinahitaji uangalizi huohuo. Swali la msingi si ukubwa wa punguzo lililotangazwa, bali iwapo mchoro na ramani ya upimaji wa eneo hilo zimekwisha kuidhinishwa, na iwapo hati itatoka kwa jina la mnunuzi baada ya awamu ya mwisho. Shamba lililogawanywa kwa kamba na vigingi vya mbao linabaki kuwa shamba.

Somo kutoka Dar es Salaam

Upimaji ni mwanzo wa mji, lakini huduma huchukua muda wake. Hilo lilidhihirika Dar es Salaam kupitia Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, ambao ulizaa maeneo kama Kibada, Kisota, Tuangoma, Mivumoni na Buyuni. Waliopata viwanja katika mradi huo walipata jambo ambalo majirani zao katika makazi holela hawakulipata: mipaka inayojulikana na hati. Hata hivyo, wapo waliosubiri miaka mingi kabla ya maji, umeme na barabara kuwafikia, na viwanja vingi vikakaa nyasi kwa muda mrefu kwa sababu wamiliki hawakuweza au hawakutaka kujenga mapema.

Kibada ni mfano mzuri. Mkazi wake aliyefanya kazi katikati ya jiji alitegemea kivuko, au alizunguka kwa barabara ndefu, hadi Daraja la Nyerere lilipofunguliwa Aprili 2016. Aliyenunua akiwa amehesabu miaka ya kusubiri alivumilia. Aliyenunua kwa kuamini kwamba daraja litakamilika mwaka unaofuata alilipa kodi ya pango mjini huku nyumba yake ikikaa na popo.

Mnunuzi wa Nala au Mtumba leo yupo katika nafasi inayofanana na hiyo. Serikali imetangaza na inatekeleza miradi mikubwa, ikiwemo barabara ya mzunguko na Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Msalato. Tangazo la mradi ni taarifa ya kweli, lakini halina maana kwamba bomba litafika kwenye kila kiwanja siku ya kuhamia. Familia inayonunua inapaswa kupanga bajeti kwa huduma zilizopo siku ya kununua, na kuichukulia miradi inayokuja kama faida ya baadaye.

Maji, udongo na mvua ya Januari

Dodoma ni eneo kame. Mvua zake kwa mwaka ni takriban milimita 550 hadi 600, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kwa miongo mingi mji umetegemea visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, na ongezeko la watu limeilazimu mamlaka ya maji kuongeza vyanzo vingine, vikiwemo visima vya Nzuguni. Mpango wa Bwawa la Farkwa wilayani Chemba unalenga kutoa suluhisho la muda mrefu. Kwa sababu hiyo, swali la maji katika kitongoji kipya lisijibiwe na muuzaji. Lijibiwe na ofisi ya mamlaka ya maji na na majirani: mtandao upo umbali gani, mgao hutoka mara ngapi kwa wiki, na gari la maji huuzwa bei gani mwezi Oktoba.

Ukame huo una upande wa pili. Mvua inayonyesha kwa miezi michache hushuka kwa nguvu, na makorongo yaliyokauka tangu Mei hujaa kwa saa chache. Mnunuzi anayetembelea eneo mwezi Julai huona mchanga mweupe na watoto wakicheza mpira, na hawezi kujua kwamba Januari hapo hupita maji. Wakazi wa zamani wanajua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, na sharti hilo humlinda mwenye nyumba kabla ya kulinda mto. Kwa anayeweza kusubiri, hakuna ukaguzi unaoshinda kulitembelea eneo siku moja baada ya mvua kubwa.

Gharama zinazofuata bei

Bei iliyokubaliwa si gharama yote. Uhamisho wa umiliki huambatana na uthamini, ushuru wa stempu, ada za usajili, gharama za wakili na kodi inayotokana na faida ya mauzo, ambayo kisheria humhusu muuzaji. Usajili haukamiliki bila kodi hizo kulipwa, kwa hiyo mkataba ueleze waziwazi nani analipa nini na lini. Wapo wanaoandika bei ya chini kuliko iliyolipwa ili kupunguza kodi. Mbali na kuwa ni kosa, wanajiweka katika hali ya kushindwa kudai fedha yao kamili endapo mauziano yatavunjika.

Malipo yafanyike kupitia benki, na sehemu yake ibaki hadi uhamisho utakapokubaliwa. Mnunuzi anayebaki na hati yenye jina la muuzaji kwa miaka, akijiridhisha kwamba "anaishi ndani", anaiweka familia yake katika hatari. Muuzaji akifariki, warithi wake wataiona nyumba hiyo katika orodha ya mali za marehemu.

Mgogoro ukitokea, Baraza la Kata hufanya usuluhishi, na asiyeridhika huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au Mahakama Kuu kwa kadiri ya thamani na aina ya shauri. Ni njia halali, lakini ni ndefu, na wakati shauri linaendelea nyumba haiuziki, haikopesheki na mara nyingi haiendelezwi.

Wajibu wa pande zote

Wajibu wa kuchunguza haumwangukii mnunuzi peke yake. Mwananchi anaweza kukagua daftari iwapo tu daftari lenyewe limekamilika na linafikika. Programu ya Kupanga, Kupima na Kumilikisha Ardhi, Mradi wa Uboreshaji wa Usalama wa Milki za Ardhi unaofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 1995 toleo la 2023 iliyozinduliwa Machi 2025 vinaelekea kwenye lengo hilo, sambamba na kuhamishia kumbukumbu katika mfumo wa kielektroniki. Kipimo cha mafanikio ya juhudi hizo kitakuwa rahisi kuonekana: kiwanja kimoja, mmiliki mmoja, na jibu la upekuzi linalopatikana kabla dalali hajapiga simu ya tatu.

Halmashauri nazo zina deni la kuweka michoro ya maeneo mapya mahali ambapo mwananchi ataiona bila kuomba fadhila, na kuweka vibao katika hifadhi za barabara, mabonde na maeneo ya huduma kabla ya kuvamiwa. Kumbomolea mtu aliyejenga pasipostahili ni utekelezaji wa sheria, lakini kumwonya kabla hajanunua ni gharama ndogo zaidi kwa pande zote.

Hadi hapo kumbukumbu zitakapokamilika, mwananchi anayejiandaa kununua nyumba Iyumbu, Nala au Mtumba aanzie ofisi ya ardhi, aende ofisi ya mipangomiji, apite mamlaka ya maji, azungumze na majirani, kisha ndipo akae na muuzaji kujadili bei. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kwa familia inayohamia kitongoji kipya, daftari hilo lipo, linafunguliwa kwa ada ndogo, na wakati wa kulifungua ni kabla ya fedha kutoka mkononi.